Mama Fyuzi hukunjua usiku saa sita mchana

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Fyuzi yuko peku juu ya paa la gari refu jeupe, la kupandia milima. Magoti yake yako juu ya mto wa sponji, futi ya kupimia ameing'ata kwa meno. Viatu vyake amevipanga chini kando ya tairi, kama mtu aliyeingia sebule ya watu.

"Paa la mtu halikanyagwi na viatu," anasema, akiitoa futi mdomoni. "Ukilibonyeza hata kidogo, maji yatatuama hapo, kutu itaingia, na jina litakalotajwa ni langu."

Mbele yake zimelala taa nne za duara, kila moja ukubwa wa sahani ya kulia. Leo anatakiwa kuzifunga juu ya paa hilo na kuzivutia umeme, na saa tisa gari liwe limeondoka.

Chini amesimama msimamizi wa kampuni inayofungua barabara za milimani mawe yanapoporomoka. Ni kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Ameinua simu yenye picha ya gari lililofungwa taa ukingoni kabisa mwa paa, juu ya kioo cha mbele.

"Fundi, nataka hivi hivi. Zikae mbele. Gari lionekane."

"Lionekane au lione, bosi?"

Msimamizi anacheka, lakini hageuzi neno. "Wewe funga tu, mama. Nina magari matano. Hili la kwanza nikiridhika nalo, manne yaliyobaki yanakuja kwako. Nisiporidhika, ng'ambo ya barabara yupo fundi anayefunga anavyoambiwa."

Magari matano kwa Mama Fyuzi ni habari kubwa. Mwezi mzuri hufunga taa za paa kwenye magari tisa. Mvua zikianza hushuka hadi matatu, na kuna wiki huishia kubadilisha balbu za indiketa. Kazi hii ya leo ndiyo itakayoamua kama atajenga chumba chake kabla ya mvua au atasubiri mwaka mwingine.

Ni chumba cha nini? Tutafika huko. Kwanza tumjue mwenyewe.

Mama Fyuzi, mwenye miaka arobaini na sita na watoto watatu, hakuanzia kwenye umeme. Alianza na cherehani. Katika uwanja huu huu wa gereji alikuwa akishona vitambaa vya viti vya magari, na kila alipong'oa kiti aliziona nyaya zimelala chini yake, nyekundu, njano, nyeusi, zimefungwa pamoja kama mboga za fungu.

Fundi umeme wa hapa alikuwa shemeji yake, kaka wa mumewe. Mgongo ulipomkatalia kujipinda chini ya dashibodi, akawa anakaa kwenye kigoda na kuelekeza, na mikono ikawa ya Mama Fyuzi.

"Nilimwambia shika huu, achia ule, kwa miaka miwili," anasimulia mzee huyo, ambaye mpaka leo haachi kuja na kigoda chake na koti lake jeusi. "Siku moja nikamwambia achia ule, akanijibu, 'Shemeji, nikiuachia huo gari litawaka moto.' Nikaangalia. Kweli! Tangu siku hiyo mimi ni mtazamaji."

"Mtazamaji anayeongea kuliko redio," Mama Fyuzi anamrushia kutoka juu ya paa.

Jina la Mama Fyuzi alipewa na wateja. Hakuna waya atakaoutoa kwenye betri bila kuuwekea fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, hata mteja alalamike vipi kwamba anapoteza muda. Kalala nayo, kaamka nayo.

Kwa mteja asiyeelewa, hutega kitendawili. "Mtoto anaamrisha, mtu mzima anabeba mzigo." Mteja akishindwa, humwonyesha kidude cheusi kisichozidi kiberiti kinachoitwa rilei. Swichi ndogo ya kwenye dashibodi inapeleka umeme kidogo tu wa kutoa amri, na rilei ndiyo inayoupitisha ule mkubwa kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Ukiipitisha nguvu yote kwenye swichi, itayeyuka mkononi mwako.

Hadi saa nne nyaya zimeshashuka. Zimepita ndani ya nguzo ya kioo cha mbele, chini ya mpira wa mlango, zikatokea kwenye injini, na kote zimevishwa bomba laini zisichubuke. Ukitazama kwa nje huoni hata uzi.

Lakini taa zenyewe bado hazijatobolewa matundu kwenye paa. Zimebanwa ukingoni mwa paa kwa vibanio, na chini ya kila kibanio kuna kipande cha kitambaa.

"Mbona hutoboi?" anauliza msimamizi, akitazama saa.

"Bosi, mimi ni fundi cherehani. Napiga bandi kwanza, mshono wa muda, ndipo nashona. Zimekaa pale pale ulipotaka. Sasa nipe nusu saa ya usiku."

"Usiku? Saa hizi?"

Mama Fyuzi anashuka, anavaa viatu, na kuelekea kwenye banda refu la mabati nyuma ya gereji. Anafungua kamba moja baada ya nyingine. Kutoka juu linateremka turubai jeusi, zito, pande kumi na mbili alizoziunga mwenyewe kwa cherehani, tabaka mbili mbili. Gari linaingizwa, pazia la nyuma linafungwa, na saa tano ya asubuhi inazimika.

Kama ni kitendawili, kingekuwa hivi: nina usiku wangu, nikiuhitaji naukunjua, nikimaliza naukunja. Na jibu lenyewe limejaa viraka. Upepo umelichana turubai, na humo ndani vitundu vinang'aa juu kama nyota.

"Usiku wangu umezeeka," anasema kwa kicheko. "Mvua ikinyesha, siku mbili nzima siwezi kuukunjua. Unavuja."

Alianza kuushona miaka sita iliyopita, baada ya aibu moja asiyoificha. Alimfungia mteja taa za paa mchana, zikawaka vizuri, wakaagana kwa tabasamu. Kesho yake gari likarudi na bampa limekunjamana. Mteja alikuwa amepanda gogo lililolala barabarani, na alikula kiapo kwamba hakuliona.

"Nilizifunga taa mchana bila kujua usiku zinafanya nini," anasema. "Na usiku mimi niko nyumbani na watoto wangu, siwezi kumwambia mteja tukutane saa nne. Nikaona basi, usiku uje kwangu."

Ndani ya banda kuna nafasi ya hatua ishirini na mbili mbele ya gari. Msimamizi anapanda kwenye kiti cha dereva. Dereva mwenyewe, mzee mkimya wanayemwita Babu Gia, anakaa pembeni yake na kofia yake ya sufu mapajani.

"Washa," anaita Mama Fyuzi.

Rilei inagonga, tak! Banda zima linakuwa jeupe.

"Aisee!" msimamizi anashangilia. "Hizi ndizo taa!"

"Niambie unaona nini mbele."

"Naona kila kitu. Naona ndoo. Naona tairi. Basi."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine."

"Na mimi je?" sauti inauliza gizani.

Msimamizi anaruka mpaka kichwa kinagonga dari. Upande wa kulia, hatua kumi na tano tu kutoka kwenye bampa, shemeji mtu ameketi kwenye kigoda chake, amevaa koti lake jeusi, kikombe cha chai mkononi.

"Ungeshanilaza, bosi," anasema mzee, akipuliza chai yake. "Na chai yangu ungeimwaga."

Kisha Babu Gia, ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa, anaongea. "Si macho yako, bosi. Ni boneti. Hebu itazame."

Kweli, boneti ndefu nyeupe inawaka kama shuka lililoanikwa juani. Mwanga wa taa unaimwagikia kutoka juu na kurudi moja kwa moja kwenye macho ya aliyeshika usukani. Macho yanajikunja, na kila kilicho cheusi mbele kinapotea.

"Mimi napita ukingoni mwa korongo," Babu Gia anaendelea polepole. "Upande wangu wa kulia hakuna ukuta. Nilitaka kusema asubuhi, lakini ulikuwa umeshapenda picha."

Msimamizi anajikuna kisogo. Anaiweka simu mfukoni. "Fundi, rudisha nyuma."

Mama Fyuzi alikuwa na hakika na dawa yake. Anapanda tena peku, anazirudisha taa nyuma shibiri moja na nusu, ili ukingo wa paa wenyewe uukinge mwanga usimwagike. Anabana, anashuka. "Washa."

Tak!

"Naona miguu ya kigoda," anasema msimamizi. "Na viatu vya mzee. Juu bado kweupe."

Mama Fyuzi anaingiza kichwa dirishani na kutazama mwenyewe. Boneti bado inang'aa, nusu yake ya mbele. Anasonya. Magari mengi aliyowahi kuyafungia taa yana boneti fupi, na shibiri moja na nusu ilitosha. Hili pua yake ni ndefu.

"Zirudishe zaidi," anasema msimamizi.

"Nikizirudisha zaidi, zitagonga keria ya mizigo yenu."

"Tuipake boneti rangi nyeusi basi."

"Yenye jina la kampuni? Utaniletea barua."

Saa sita na robo. Ng'ambo ya barabara mashine ya yule fundi mwingine inalia, inatoboa paa la mtu. Msimamizi anaitazama saa yake tena, kisha anageukia upande mlio unakotoka.

Mama Fyuzi anasimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Babu Gia alikuwa ameshuka kwenda kumsalimia mzee mwenzake, na sasa anarudi kwenye gari. Taa zinampiga usoni, naye anainua kiganja na kujikinga juu ya macho.

Fundi anamtazama. Anamtazama tena.

"Babu, bakia hapo hapo! Usishushe mkono!"

"Nimefanya nini?"

"Umenifungulia kazi. Wewe unajikinga kwa juu. Taa zangu zinahitaji kiganja kwa chini."

Kinachofuata ni kazi ya fundi cherehani kabisa. Anatandika gazeti juu ya paa, anachora mkunjo wa ukingo wake kwa chaki, anakata kiolezo kwa mkasi. Anakiweka, anapunguza ncha, anakiweka tena. Kisha anakihamishia kwenye bati jembamba la alumini, anakata, anapiga msasa kingo zisimkate mtu, na kupaka rangi nyeusi isiyong'aa. Shemeji yake anaipepea rangi kwa kipande cha boksi ikauke haraka, huku akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemuomba.

"Inyanyue kidogo kulia."

"Shemeji, wewe ni mtazamaji."

"Natazama kwa mdomo."

Saa saba na nusu bati limekaa chini ya taa nne, limetokeza mbele kama ukingo wa kofia. Msimamizi anapanda mwenyewe bila kuitwa.

Tak!

Boneti iko giza. Mbele yake banda limefunguka hadi mwisho, ndoo, tairi, mishono ya turubai ukutani.

"Hesabu," anaamuru Mama Fyuzi.

"Ndoo. Tairi. Mzee, kigoda, kikombe." Anasita. "Na kikombe kimepasuka mkono."

"Hiyo sikutaka wajue," analalamika mzee.

Ndipo matundu yanapotobolewa. Kila moja linapakwa rangi kingoni lisiote kutu, linavishwa mpira na kumiminiwa gundi ya silikoni kabla ya bolti kukazwa. Maji yanamwagwa juu ya paa, ndoo tatu, na Mama Fyuzi anaketi ndani akipapasa dari kwa viganja. Pakavu.

Saa tisa kasoro dakika kumi, msimamizi anarudi kutoka kupiga simu. "Manne yaliyobaki, kuanzia Jumatatu. Lakini uje ufungie kwetu, fundi. Kutoa magari kazini ni usumbufu."

Mtu mwingine angeitikia haraka. Mama Fyuzi anafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Hapana, bosi. Yaje hapa, moja moja. Kwenu kuna mchana tupu."

Msimamizi anamgeukia dereva wake, labda akitafuta msaada. Babu Gia ameshakaa kwenye usukani na kuvaa kofia.

"Mimi nitayaleta," anasema. "Yote manne."

Gari linapotoka langoni, Mama Fyuzi hakai kupumzika. Anamwita mwashi aliyekuwa akipiga plasta jirani, na kumpeleka nyuma ya gereji, mahali ambapo mwenye uwanja ameshamruhusu kujenga. Anamwonyesha: urefu wa gari na hatua ishirini na tano mbele yake, matofali hadi juu, mlango mmoja mpana.

Mwashi anavuta kamba, anapigilia vigingi, anaandika vipimo kwenye kipande cha mfuko wa saruji.

"Madirisha niyaweke upande gani, mama?"

"Hakuna dirisha."

"Hata kadirisha ka hewa?"

"Hewa itaingia na gari."

Mwashi anainuka, anamtazama, anazitazama kamba zake. "Miaka thelathini najenga. Hakuna aliyewahi kuniomba nimjengee giza."

"Basi lijenge vizuri," anasema Mama Fyuzi. "Lisivuje."