Kipa Aliyetusikia

Harufu ya mafuta ya karafuu hunirudisha Wattaya, mtaa wetu wa utotoni, kabla sijafumba macho. Msimu ule nyumba yetu nzima ilinuka karafuu, hata mito ya sebuleni, kwa sababu kila jioni mama alimsugua kaka yangu Saidi miguu kwa mafuta hayo kana kwamba anamuandaa kwa pilau. Saidi alikuwa nahodha wa timu ya chuo, na timu ilikuwa haijafungwa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, shabiki mwenye sauti kubwa na maarifa madogo, hali ambayo shahada mbili hazijaibadilisha sana.

Siri ya ushindi wao ilikuwa Kiswahili. Wengi wao walitoka katika familia zilizorudi nchi ya Waarabu kutoka Unguja, na uwanjani walielekezana kwa lugha ya nyumbani huku wapinzani wakikodoa macho. Mwalimu wao, Msudani mkali, hakuipenda njama hiyo. Saidi alimsihi mpaka akakubali, ila kwa sharti: Kiswahili kikiwaponza kwenye fainali, unahodha basi.

Siku ya fainali nilikaa na baba kando ya uwanja, birika la kahawa katikati yetu. Hakuna hila iliyofaa. Kipa wa chuo tulichopambana nacho, kijana mrefu asiyesema neno, alifika kila mahali kabla ya mpira. Kipindi cha pili, bado hakuna bao, tukapata penalti. Khalfan, rafiki wa Saidi, akapaza sauti, "Mchape kushoto kwake, Saidi! Kushoto hana kitu!" Kipa akaruka kushoto, akaudaka, akasema taratibu, "Nnakusikia, kaka. Na sisi kwetu Unguja."

Kikombe kilimtoka baba mkononi. Saidi alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Mpaka leo nashangaa: katika mji ambao huwezi kwenda harusini usikumbatiwe na shangazi wa Unguja usiyemjua, timu nzima ya wasomi ilidhani wao peke yao ndio waliozaliwa na mama.

Mwalimu alikwishaanza kugusa mkono wake, pale nahodha anapofunga kitambaa. Dakika za mwisho tukapata mpira wa adhabu. "Nampiga kushoto tena!" Saidi akamwambia Khalfan, kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Ruwi. Kipa akaruka kushoto. Mpira ukaingia kulia.

Kombe likawa letu. Kipa alibaki amekaa chini, mdomo wazi. "Kaka," alisema, "unanidanganya kwa lugha ya nyumbani?"  Saidi alilibeba kombe lile hadi nyumbani kama mtu aliyebeba sufuria ya jirani bila kuaga.

Majuzi tulikwenda uwanja wa Hail kumtazama mwana wa Saidi, ambaye naye anachezea chuo. Walipopata penalti nikajisahau, nikapiga ukelele, "Kulia kwake, mwanangu! Kulia!" Hakuna mchezaji aliyegeuka. Si kipa, si huyo mwanangu mwenyewe, aliyeniuliza baadaye kwa Kiarabu nilikuwa nagombana na nani. Nilishtuka kuliko siku ile. Ningeweza kutangaza mipango yote ya timu kwa kipaza sauti, na siri isingevuja.

Ndipo Saidi aliponigusa bega, akanionyesha safu ya mbele. Kipa yule wa fainali alikuwa amekaa pale, mrefu vilevile, kitambi kimejaa kanzu. Uwanja mzima ni yeye peke yake aliyenisikia, na mwili wake wote ulikuwa umeinama kushoto, kama aliyeapa kutotuamini tena.