Pointi za Miaka Sita

Siku niliyokwenda kuchukua gari jipya kwa pointi za kadi, muuzaji aliniambia maneno mawili matatu. Nililetewa kiti.

Wadau, kila wiki humu jukwaani kuna mtu anauliza: kadi ya mkopo ya kampuni ya magari ina faida au ni usanii mtupu?

Nilikuwa nayo miaka sita. Tulia nikupe mkasa.

Naitwa Delbert. Nilifanya kazi kiwanda cha magari ya Harwick, kufunga milango, miaka thelathini na moja mpaka nikastaafu, hapa Michigan, Marekani. Mji wetu ni wa Harwick. Ukinunua gari la Kijapani, jirani hakuambii kitu, anakutazama tu.

Mke wangu Maxine alifariki, nikabaki na binti mmoja, Corinne.

Sikukuu ya Shukrani iliyofuata, ile ya Novemba familia zinapokula pamoja, Corinne akaja na gari la Kijapani. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Theluji inamwagika. Ndani nimekaa na wenzangu watatu wa kiwandani, tunamsubiri tule.

Nikatoka mlangoni nikamwambia, "Hilo dude usiliache uani kwangu. Kaliegeshe barabarani."

Hakubisha. Akalitoa, akarudi kwa miguu kwenye theluji, ameshika bakuli la viazi vitamu alivyopika kama mama yake. Akaliweka mezani, akageuka, akaondoka.

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa.

Hakurudi tena. Mjukuu nilimwona kwenye picha, zilizotumwa na shangazi yake Corinne.

Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nawasha redio ili nisikie mtu anaongea. Nilimkumbuka Corinne kila siku. Kumpigia simu nikashindwa. Ningeanzia wapi?

Ndipo ikaja barua ya kadi. Kila unachonunua unapata pointi, ila pointi zenyewe hazinunui kitu kingine chochote isipokuwa Harwick mpya.

Nikampelekea Wendell, rafiki yangu wa kunywa naye kahawa asubuhi. Akaisoma yote, akavua miwani.

"Delbert, matumizi yako ni mayai mawili kwa siku na gari lako halijafika hata nusu ya umri wake. Hizo pointi utaenda nazo kaburini?"

Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni. Hesabu yangu nilikuwa nayo moyoni. Nitamnunulia Corinne Harwick. Akiwa na Harwick, hakuna wa kumzuia kuingia uani kwangu. Niliona nimepata akili kweli kweli.

Basi nikaanza. Dawa, kadi. Mafuta, kadi. Kinyozi, kadi. Kila mwisho wa mwezi nalipa deni lote, maana riba ya kadi hizi itakumaliza. Wendell akiniachia bili ya kahawa, nashukuru, ni pointi hizo.

Miaka sita.

Jumanne iliyopita nikavaa koti la kanisani, nikaenda duka la Harwick, dakika kumi kutoka nyumbani. Akanipokea dada mmoja muuzaji, Yolanda. Nikamwambia pointi zangu zilipie sehemu ya bei, iliyobaki nalipa mwenyewe, na gari liandikwe jina la binti yangu.

Akaandika jina kwenye kompyuta. Akasoma kioo mara mbili.

"Mzee wangu, Corinne ni mteja wetu. Ana Harwick. Alinunua hapa hapa, miaka mitano iliyopita."

Nikasema haiwezekani. Mstaafu wa Harwick ana namba yake, na mwanawe akinunua gari anaitumia kupata punguzo la familia. Ningejua.

"Hakuomba punguzo, mzee. Alilipa bei kamili."

Hapo ndipo kilipoletwa kiti.

Miaka mitano binti yangu anaendesha gari letu, dakika kumi kutoka kwangu. Na ameona heri alipe bei kamili kuliko kuniomba namba.

Nikampigia nikiwa pale pale.

"Corinne, kumbe una Harwick."

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuja?"

Nikasikia anafunga mlango wa gari.

"Nilingoja uniite mimi, baba, si gari. Ukaniita lini?"

Nikasema nisamehe, mwanangu. Neno lenyewe nililitoa kwa taabu, na machozi juu. Yolanda akajifanya anapanga karatasi.

Akasema, "Mtoto anashuka basi la shule. Nitakupigia."

Leo ni Ijumaa. Hajapiga.

Kwa hiyo wewe unayeuliza: kama unabadilisha gari la kampuni moja kila baada ya miaka michache na unalipa deni lako kila mwezi, chukua kadi, ina faida. Lakini kama kuna mtu unamdai au anakudai msamaha, mpigie leo, kwa mdomo wako. Mimi nilikusanya pointi miaka sita ili nisiseme neno moja.

Nikimaliza tu kuandika hapa, nitamtangulia. Nitapiga mimi.