Dafu la Mpuliza Dawa

Mlio wa mashine ulitufikia kabla hatujafungua dirisha, na kwa mlio huo mama akajua tusilifungue. Akachukua kanga kuukuu, akaziba nafasi iliyo chini ya mlango. Jua lilikuwa limeshachomoza juu ya kijiji chetu cha Ruaruke, sisi tumekaa gizani, tukimsikiliza mdogo wangu akipuliza dawa kwenye mikorosho ya jirani.

Mwaka huo aliniahidi kuacha kazi hiyo. Alihamisha viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, akavitoa minazini na kuvifunga kwenye mikorosho yetu, maana huwinda wadudu wanaofyonza korosho changa. Walimng'ata mpaka masikioni. Wakidumu hadi mavuno, alisema, jirani ataona kwa macho yake kwamba dawa haihitajiki, na yeye mdogo wangu ataiuza mashine yake. Nikaanza kuyangojea mavuno kama mgonjwa angojavyo asubuhi, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa akikohoa hata anapocheka.

Mashine ikanyamaza. Akaingia kwa mlango wa uani, kitambaa puani, macho mekundu. Mama alikuwa ameshamkatia dafu. Kwetu mpuliza dawa hunywa dafu, linaaminika kusafisha kifua. Mama hakulisahau hata siku moja.

"Dada, mbona mmejifungia kama mnakaa eda? Nani kafa?"

"Bado," nikamjibu.

"Astaghfirullah! Hebu nyamaza," mama akanikemea.

Mdogo wangu akainua dafu. Mkono ukamtetemeka, maji yakamwagikia shati. Tuliona sote. Mama akalishika dafu kwa chini, akamnywesha kama alivyomnywesha uji utotoni.

"Imebaki safu moja," akasema alipomaliza. "Ile ya mpakani."

"Upepo unakuja kwetu. Utawaua maji moto wote."

"Sasa nifanyeje? Korosho za jirani zina madoa meusi, naye anasema wadudu wanajificha kwetu. Nikikataa ataita mtu kutoka Kibiti, na huyo hatauliza upepo unaelekea wapi. Mimi angalau nitainamisha bomba."

"Basi vaa hata koti la mvua."

"Kwa joto hili? Nitaiva kama ndizi kwenye shimo, dada." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta mpaka kikapita.

"Na mashine uliyosema utaiuza?"

Akaanza kufunga upya kitambaa chake. "Mwakani," akasema, hakunitazama.

Nikasimama mlangoni, nikidhani mwili wangu ungetosha kumzuia. Akanisogeza taratibu kwa bega. Viganja alivirudisha nyuma, visiniguse, kwa sababu vilikuwa na dawa.

Alipotoka, harufu kali ikaingia mahali alipokuwa amesimama. Mama akanivuta ndani, akausukuma mlango nyuma ya mwanawe, akatia komeo, kisha akainama kuirudisha kanga pale chini.