Mwanafunzi Niliyemfelisha Mtawanya

Miaka ile ya ruksa, mali za umma zilipoanza kuuzwa kwa watu binafsi, mashine ya kusaga ya kijiji kule Mtawanya iliuzwa kwa mama mmoja mjane, mfanyabiashara wa Kibiti, naye akakubali kumpokea mwanafunzi wetu wa uhandisi kwa mafunzo ya vitendo. Mimi nilikuwa mhadhiri kijana, natafiti jinsi ya kupima umahiri wa wanafunzi wakiwa kazini. Nilikuwa nimetunga fomu yenye vipengele arobaini. Niliipenda sana fomu ile. Niliipiga chapa mwenyewe.

Mwanafunzi alikuwa binti wa mwaka wa tatu, mpole, grisi hadi viwikoni. Nilimkuta injini imezima na akina mama wamekaa mchangani na ndoo zao za mahindi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Endelea, fanya kama mimi sipo.”

Nikasimama hatua mbili nyuma yake, kalamu mkononi.

Kipengele cha kwanza: anasoma kitabu cha maelekezo kabla ya kugusa mtambo. Hakusoma. Nikaweka sifuri. Kitabu kilikuwepo, kwa Kichina, lakini fomu haikuuliza lugha. Cha pili: anachora mchoro wa mfumo wenye hitilafu. Hakuchora. Alipitisha vidole kwenye bomba la dizeli, akavinusa.

“Inavuta upepo hapa,” alisema.

Bomba lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akalifunga, akatoa upepo kwenye pampu, akazungusha hendeli. Injini ikawaka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikajumlisha. Alikuwa amefeli.

Mwenye mashine akaja kuchungulia.

“Kafaulu?”

“Kwa mujibu wa fomu, bado.”

Akaitazama injini inayonguruma, kisha mimi. “Mwalimu, mie sikusoma. Fundi niliyemleta kutoka Kibiti kashinda hapa wiki nzima, anachora tu. Huyo naye, fomu yako ingemfaulisha?”

Nilifikiri. “Pengine,” nikasema.

Hakucheka. Alinipa wali na samaki, nikala nimeinama.

Ningeweza kubadili alama zile. Sikubadili. Nilifundishwa kwamba utafiti ukishaanza kipimo hakiguswi, na nilimwogopa msimamizi wangu kuliko nilivyoogopa kumkosea binti wa watu. Akarudishwa Mtawanya likizo iliyofuata kurudia mafunzo, kwenye mashine ileile. Aibu yangu niliiandika kwenye sura ya nne ya tasnifu yangu, chini ya kichwa “Upungufu wa Kipimo”.

Likizo hiyo nilimfuata. Nikamwomba radhi, nikampa nakala safi ya fomu yangu na penseli. “Isome. Kisichofaa, futa.”

Alikaa kwenye gunia, akasoma polepole.

“Hiki kinapima mwandiko, mwalimu.”

“Futa.”

“Na hiki kinapima Kiingereza.”

“Futa.”

Vikabaki tisa. Akageuza karatasi nyuma, akatafuta kipengele cha sauti ya injini, hakukiona.

“Kusikiliza kuko wapi?”

“Sikujua kwamba kunapimika.”

Akaniwekea ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akalegeza nati moja, akaikaza. “Umesikia tofauti?”

“Hapana.”

“Basi tunarudia.”

Mwaka ule alifaulu. Mimi nilikaa Mtawanya siku tatu zaidi ya ruhusa niliyopewa, bisibisi sikioni.