Fundi Wenlan aogopa kuitikia asichokielewa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karakana ya viyoyozi vikubwa huko Ghala, mtaa wa Muscat, Oman, bado haijafunguliwa mlango wa mbele. Ndani, Bi Qiu Wenlan amekaa juu ya kreti, anapekua vikadi vilivyotungwa kwenye waya. Upande mmoja Kiingereza, wa pili Kichina.

"Zimebaki siku tatu," anasema kwa Kiswahili alichokiokota Dar es Salaam, alikofanya kazi miaka tisa. "Usingizi sipati, chakula hakipiti."

Alkhamisi mkaguzi wa mteja mkubwa atamhoji kwa Kiingereza, ana kwa ana, bila mkalimani. Akifeli, atanyimwa cheti, hatagusa tena kazi za gesi, na kibali chake cha kuishi Muscat hakitafanywa upya.

Ana miaka 43. Kwa miezi minne amekariri maneno 20 kila siku, kila moja akiliandika mara kumi. Amepita 2,300, tena yale mazito ya wahandisi. Mwandishi alichomoa kikadi kumjaribu. Akaitoa maana yote bila kukosea.

"Kwetu, kwa Kichina, neno gumu linajengwa kwa maneno mepesi," analalamika. "Kompyuta ni ubongo wa umeme, unabahatisha tu. Kiingereza jamani! Neno limefunga milango yote."

Lakini hofu yake kubwa haimo kwenye vikadi. Miezi mitano iliyopita, mkaguzi alimuuliza kama ameangalia "residual pressure" kwenye bomba. La pili alilijua, la kwanza hakulijua. Akaona haya kuuliza, akaitikia kwa kichwa. Kumbe aliulizwa presha iliyobakia, na kweli ilikuwa imebakia. Fundi mwenzake, Ghanim, alipolegeza nati, valvu ilifyatuka ikampita sikioni.

"Ingesogea kidogo tu, Ghanim hayupo," anasema, akifunika uso. "Mimi ndiye niliyeitikia."

Kwa nini hakuuliza? "Shuleni kwetu, kumuuliza mwalimu mara mbili ni kumwambia hakufundisha vizuri. Ukubwani umeshazoea. Unaitikia, halafu unakwenda kutafuta mwenyewe kwenye kamusi."

Bomba halikumsubiri afungue kamusi.

Mwenye karakana, Mzee Yaqoob, ambaye wazee wake walitoka Unguja, hakumfukuza. "Wallahi siku ile nilitetemeka miye," anasema. "Fundi kama huyu humpati. Lakini nnaogopa, mwanangu. Nnaogopa sana."

Ndiye aliyemwomba binti yake Balqis, mwalimu wa Kiingereza anayeishi mtaa wa Hail, aje kumsomesha kabla ya kazi. Balqis anaingia na chupa ya kahawa. Vikadi hata havitazami. Anamtupia swali la kazi kwa Kiingereza cha kasi, na makusudi amechomeka neno lisilokuwemo kwenye vikadi hivyo.

Wenlan anatabasamu. Kichwa kinaanza kushuka.

"Da Wenlan!" Balqis anamaka. "Umefahamu nini?"

Wenlan anaweka vikadi chini.

"Sijaelewa," anakiri kwa Kiswahili.

"Basi niambie hivyo hivyo kwa Kiingereza."

Anajaribu mara tatu, sauti haitoki. Maneno 2,300 anayo, na haya machache ya kitoto yanamshinda. Mara ya nne yanatoka, kwa sauti ndogo mno. Balqis anamkumbatia, kisha anamwambia arudie.

Mpango wa Wenlan wa Alkhamisi ni huo tu: asipoelewa atasema, hata mara kumi, hata mkaguzi akunje uso.

"Na akikunyima cheti?" mwandishi anamuuliza.

"Nitapanda ndege nikilia," anasema. "Lakini Ghanim nitamwacha mzima."