Mapakacha Mawili Yasiyo na Alama

Wenzangu mliokulia Sib, huku Omani, wakati wetu, mnazikumbuka zile nyumba za serikali? Zote rangi moja, zote mlango wa bati, hata baba zetu wakirudi kazini mchana wa jua kali walikosea, wakavua viatu barazani kwa watu. Sisi watoto hatukukosea hata siku moja. Tulikwenda kwa pua. Penye harufu ya papa mkavu ni kwa watu waliotoka Qurayyat. Penye mkate mwembamba unaobabuka juu ya chuma ni kwa Mabaluchi wa pembeni. Penye kitunguu kinachokaangwa mpaka mtaa mzima unapiga chafya, hapo ni kwetu, na Mama yuko jikoni.

Tulicheza mpira peku kwenye changarawe, na miba ikiutoboa mpira tuliendelea nao hivyohivyo, ukiwa bapa kama chapati. Wanangu leo hawawezi kucheza mpaka nyasi ziwe za kijani na kiatu kiwe na jina. Shuleni tulikariri kwa sauti moja maelezo ya wilaya yetu: mipaka yake, mazao yake, wakazi wake. "Wakazi wa Sib ni wavuvi, wakulima na watumishi wa serikali!" Tuliimba, tukapumua, tukaenda kunywa maziwa.

Baadaye nilikwenda kusoma Uingereza, nikapewa kazi ya kuandika taarifa ya wilaya moja ya huko, pamoja na vijiji vyake na jamii zake. Niliandika kurasa nyingi. Nilisema jamii zinaishi kwa maelewano, nikachora na ramani ya rangi. Nilipata alama nzuri sana, na sikuwa nimeingia jikoni kwa mtu hata mmoja. Ndiyo maana mtu akiniuliza leo wilaya ni kitu gani, mimi msomi wa jiografia nafikiria shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba ya Umm Khalfan, mama wa Kisib hasa, ambaye babu zake walizikwa palepale. Wakati wa Idi mtaa mzima ulipika humo shuwa, nyama inayopakwa viungo, ikafungwa kwa majani ya migomba, ikatiwa kwenye kifuko cha makuti ya mtende kilicholoweshwa maji, kisha ikazikwa juu ya makaa, shimo likafunikwa na udongo mpaka siku ya kufukua. Kifuko hicho kina jina lake la Kiarabu, lakini Mama alikitazama mara moja akasema, "Hili si pakacha hili?" Likawa pakacha mpaka leo.

Kila nyumba ilitia alama kwenye pakacha lake. Watu wa Qurayyat walifunga ndoana kubwa ya samaki. Mabaluchi walitundika bangili ya chuma. Mfanyabiashara mmoja aliyehamia kutoka Matrah alining'iniza kufuli bovu, na jamaa wa milimani walitia pete ya mnyororo wa ng'ombe. Ungeinama juu ya lile shimo kabla halijafunikwa, ungeiona wilaya yote imelala humo, kila mtu na chuma chake.

Sisi tulikuwa wageni. Mama alikuwa ametoka Unguja na Kiarabu cha kusalimia tu. Majirani walimkaribisha vizuri, lakini alikaa mwisho wa mkeka, akacheka wenzake wakishamaliza kucheka. Ilipokaribia Idi yetu ya kwanza alimwambia Baba:

"Nyama yetu isipoingia shimoni pamoja na za watu, mie ntajua hapa n'mepanga tu, sijahamia. Na ikiingia ikatoka mbovu, ntaiweka wapi sura yangu?"

"Itatoka nzuri, mama watoto."

"Wewe sema hivyo. Jirani yako wa mbele anangojea n'ivuruge."

Jirani wa mbele alikuwa Bi Zuwena, aliyekuja na mumewe kutoka Tabora mwaka uleule. Mumewe na Baba walifanya kazi ofisi moja na walipendana kama ndugu. Wake zao walikuwa hawasemezani. Mama alipata kusema kwamba Kiswahili cha Bi Zuwena ni kama cha taarifa ya habari. Bi Zuwena akajibu, mbele ya watu, kwamba afadhali taarifa ya habari, watu huisikiliza. Tangu hapo ikawa salamu kwa kidevu. Kilichowaudhi zaidi wote wawili ni kwamba mtaa haukuona tofauti. Kwa majirani, aliyetoka Unguja na aliyetoka Tabora wote walikuwa "Zinjibari". Mama alikuwa akiingia ndani akifunga mlango: "Tabora na Unguja wapi na wapi? Hawa wana bahari?"

Basi Mama alikwenda kwa Umm Khalfan mchana, watu wamelala, akafundishwa viungo kwa ishara za mikono. Alirudi akinuka vitunguu saumu na siki ya tende. Akapaka, akafunga, na kwa alama akachana pindo la kanga yake nyekundu, akalifunga pakachani kwa fundo zuri. "Hapa hakuna mwingine mwenye kanga hii," akasema. Baba, mtu wa diploma, alilibeba pakacha mpaka shimoni, na haikumpitikia hata kidogo kwamba moto huchoma kitambaa.

Siku ya kufukua tulijazana pale tumevaa kanzu zetu mpya, tayari zina madoa. Mapakacha yakatoka meusi, yanafuka moshi. Ndoana, hiyo ya watu wa Qurayyat. Bangili, chukueni. Kufuli, pete ya mnyororo, kila mtu akaondoka na lake. Yakabaki mawili, meusi, sawasawa kama mayai, hayana kitu. Baba alisimama upande mmoja. Upande wa pili alisimama mume wa Bi Zuwena.

"Nyie mlitia nini?" akauliza Baba.

"Kanga. Na nyie?"

Waliyabeba yote mawili mpaka kwetu, wakayatua uani, kisha wakakumbuka wana kazi mahali. Bi Zuwena akaja na mtandio wake wa Idi, akasimama mlangoni.

"Karibu," akasema Mama, kama anayesema toka.

Wakafungua. Mama akaonja la kwanza. "Hili langu."

Bi Zuwena akaonja palepale. "Samahani, dada. Hili ni langu. Chumvi hii naijua."

Wakaonja la pili. Mama akasema hilo nalo lake. Bi Zuwena akasema hata yeye anaona hivyo. Wakaonja tena la kwanza. Sisi watoto tuliona nyama inapungua na kesi haiendi mbele. Mwishowe Umm Khalfan, aliyesikia sauti, akaingia, akachukua kipande huku na kipande kule, akatafuna, akacheka mpaka akakaa chini. Wote wawili walikuwa wamekwenda kwake kwa siri, kila mmoja akimwomba asimwambie mwenzake. "Wallah, yote mawili yangu!" akasema.

Mama alimtazama Bi Zuwena. "Na weye ulikwenda mchana?"

"Alfajiri. Niliogopa utaniona."

Basi hapo ndipo walipocheka. Nyama zikamwagwa kwenye sinia moja, mtaa ukaja kula, na Mama hakukaa mwisho wa mkeka. Alikaa katikati, bega kwa bega na Bi Zuwena, wakibishana kwa Kiswahili huku majirani wakiwatazama kama mchezo.

Idi iliyofuata Baba alitayarisha waya wa alama mapema, akautundika kwenye msumari mlangoni. Mama aliusahau, akachana kanga. Bi Zuwena naye akasahau. Wakasahau hivyo kila Idi, miaka nenda miaka rudi, mpaka waya ukashika kutu palepale ukutani. Kila mara yakabaki mawili, wakakaa uani wakaonja, wakagombana, wakamwaga sinia moja.

Siku hizi lile shimo limemwagiwa sementi, juu yake inalala gari ya mtu. Wanangu huagiza shuwa kwa simu, inakuja na kijikombe cha mchuzi. Tunaotaka ya kuzikwa tunapeleka Khoudh, kwenye shamba la mjukuu wa Umm Khalfan, na unapewa kibati cha namba ili nyama zisichanganyike. Hazichanganyiki. Kila mtu anachukua yake, anawasha gari, anakwenda.

Bi Zuwena ametangulia mbele ya haki. Idi hii Mama alikikataa kibati, akaomba mkasi, akachana kanga. Mwanangu akamwambia, "Bibi, hiyo itaungua." Akajibiwa, "Ndo nnavyotaka."

Pakacha letu likatoka halina alama, peke yake, na hakuna aliyelidai. Nililileta nyumbani. Mama akafungua, akaonja, akaonja tena. Kisha akasema:

"Hili si letu. Hili la Zuwena. Lipelekeni kwao."

Sikubisha. Nililipeleka Maabila kwa Rahma, bintiye Bi Zuwena, nikazunguka nikipotea kwenye majumba makubwa yasiyo na harufu yoyote, simu ikiniambia nimefika wakati sijafika. Rahma alifungua mlango, nikampa maneno ya Mama kama nilivyotumwa. Akafunua, akachukua kipande, akatafuna amesimama, macho yamemjaa maji. Halafu akafunika tena, akanirudishia.

"Mwambie Mama hapana. Chumvi ya kwetu naijua. Hili ni lake."

Nikarudi nalo Sib. Mama alisikiliza habari yote, akalivuta pakacha karibu, na kwa mara ya kwanza Idi hii akacheka.

"Mbishi kama mamake," akasema. "Mpigie simu. Mwambie aje tuonje."