Mbuzi wa Mungu Anakohoa

Katika kigango chetu, nje kidogo ya Mwamkulu, Mungu alikuwa na mbuzi, na aliyewalisha ni Generosa. Hakulipwa. Halmashauri ya kigango ilimwahidi baraka, nazo zilikuwa njiani, kama treni ya kutoka Kaliua.

Utaratibu ulikuwa huu: baada ya mavuno waumini walileta sadaka ya shukrani. Mbuzi waliotolewa walilala katika banda la Generosa, pamoja na wake, hadi sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango. Siku hiyo walichinjwa, sisi tukala pilau, wakubwa wakala maini.

Mbuzi wake mwenyewe Generosa aliwapata kwa mume. Innocent alikwenda Dar es Salaam mwaka 1989 kutafuta maisha, akamwachia mbuzi jike mmoja. "Mtunze mpaka nirudi," alisema. Mbuzi akazaa, wanawe wakazaa. Innocent hakuandika hata barua. "Katika wale wawili," Generosa alipenda kusema, "mwenye akili ndiye niliyebaki naye." Mbuzi hao ndio waliomsomesha binti yake, Queen, sekondari ya bweni huko Sumbawanga. Kila muhula wawili waligeuka ada. Mbuzi wakiisha, na shule imeisha.

Sasa kuna jambo ambalo halisemwi kwenye mahubiri. Mtu akiwa na mbuzi watatu, mmoja mnene, mmoja wa kawaida na mmoja anayekohoa, Mungu hupewa anayekohoa. Watu hawaoni ubaya. Wanaamini kwamba, kwa kuwa ndiye aliyemuumba, atajua la kufanya naye.

Mwaka 1997 aliletwa mmoja wa namna hiyo, makamasi yakimchuruzika. Haikupita muda banda likawa kama wodi ya kifua kikuu. Mbuzi walisimama wametanua miguu ya mbele, shingo wamezinyoosha, wakitafuta pumzi kama waliokimbizwa. Wakaanza kufa, wa Mungu na wa Generosa bila ubaguzi. Mwenyekiti wa kigango, Mzee Kasimiri, alisema ni Shetani, akaitisha maombi. Shetani hakushtuka.

Generosa alikwenda Mpanda kwa miguu kumwita Manyanda, bwana mifugo. Manyanda akaja na baiskeli, akampasua mmoja aliyekufa. Pafu la upande mmoja lilikuwa gumu kama ini, limegandamana na mbavu, na kifua kimejaa maji ya njano.

"Homa ya mapafu," alisema. "Ni vijidudu, mama. Mmoja anakohoa, wa jirani anavuta. Ukiwahi sindano, wengine wanapona. Ila kinga kubwa ni kutomwingiza mgonjwa bandani."

"Hata akiwa wa kanisa?"

"Vijidudu haviulizi nani kabatizwa."

Aliwadunga sindano waliobaki. Queen alikosa muhula mzima, akavuna mihogo na mama yake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Padri alikuja kwa pikipiki kuongoza misa ya shukrani. Wakati wa matoleo kwaya iliimba, na Mzee Kasimiri akatembea hadi mbele na koti lake la Jumapili, akivuta mbuzi. Mbuzi akakohoa. Kikohozi kilikuwa kizito kiasi kwamba mpiga ngoma alipoteza mdundo. Kasimiri akamnyooshea Generosa kamba. Generosa akaweka mikono nyuma.

"Pokea, mama Queen," Kasimiri alisema chinichini.

"Huyu anaumwa kifua, baba mwenyekiti."

"Ni vumbi tu."

"Mbona wewe hulikohoi? Mmekuja njia moja."

"Unamkatalia Mungu sadaka yake?"

"Mungu simkatalii. Nakataa mapafu ya mbuzi wako."

Sisi wa mabenchi ya nyuma tuliinamisha vichwa kana kwamba tunasali. Padri akasema sadaka haikataliwi, aipokee, mengine yataongelewa baadaye. Ndivyo tunavyofundishwa: pokea kwanza, uliza baadaye. Utii huo umeua mbuzi wengi kuliko chui wote wa mbuga ya Katavi.

Generosa akapokea kamba. Halafu akamgeukia Kasimiri.

"Haya, nimempokea kwa niaba ya Bwana. Sasa ni wake, si wako tena. Bwana anakuomba umlaze kwako, pamoja na mbuzi wako, mpaka hilo vumbi limtoke."

"Kwangu haiwezekani."

"Kwa nini, baba?"

"Kwangu kuna mbuzi wazima."

Neno lilishatoka. Kasimiri alibaki kinywa wazi, kama anayetaka kulirudisha. Mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka, akajaribu kugeuza kicheko kiwe wimbo, akashindwa, na kanisa zima likamfuata. Padri akapekua kurasa za kitabu chake ambazo hakuzihitaji, kisha akasema mbuzi afungwe peke yake nyuma ya jiko la kigango.

Wiki hiyohiyo halmashauri ilikaa. Generosa akavuliwa kazi kwa kukosa heshima mbele ya altare. Hoja ilitolewa na Mzee Kasimiri. Ndipo ikaonekana kwamba mbuzi wa Mungu hawana pa kulala. Wajumbe wakatazamana. Mmoja alikuwa na banda linalovuja, mwingine mke wake haelewani na mbuzi. Kwa kauli moja wakamkabidhi mtoa hoja mbuzi wote, pamoja na yule wa nyuma ya jiko.

Kesho yake, kabla hata ya chai, mwenyekiti alikuwa kwa Manyanda akiulizia sindano. Na kabla mwezi haujaisha tulimwona anasimamisha banda la pili, mbali na la kwanza, mahali ambapo upepo hauvumi kuelekea la kwanza. Hakuna aliyemuuliza ni la nini.

Mwezi wa saba Generosa aliuza mabeberu wawili wasio na hata chafya. Alimsindikiza Queen hadi kwenye lori la Sumbawanga, akampandishia sanduku la bati, akamwambia akifika aandike barua.